Nani Analipa, Nani Anapata: Kazi ya Mchumi Serikalini, Kwenye Biashara na Chuoni

Hotuba hii ilitolewa mjini Lamu mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne, wazazi wao na walimu. Tumeiweka nzima kwa walioshindwa kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na ambao salamu yenu ni nyingine, hamjambo.

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi wanafunzi mliovuka maji tangu alfajiri kutoka Faza, Kizingitini na Mokowe, ahsanteni kwa kuja. Nimetakiwa nieleze kazi ya mchumi: anafanya nini, anafanyia wapi, na mtoto wa hapa atafikaje huko. Mzazi akisikia mwanawe anataka kusoma uchumi, mara nyingi hudhani atakuwa karani wa benki au mweka hesabu. Hizo ni kazi nzuri, lakini si hiyo.

Mchumi ana maswali matatu, na popote aendapo huenda nayo. Nani analipa? Nani anapata? Na bila jambo hili, ingekuwaje? Nitayarudia leo mpaka myashike, maana ukiyaelewa hayo matatu umeshaelewa kwa nini mtu mmoja anaweza kufanya kazi Hazina ya Taifa, kisha kampuni ya bima, kisha akafundisha chuo kikuu, na asiwe amebadilisha kazi hata mara moja.

Tuanze na serikali, kwa kuwa ndiko wachumi wengi wa nchi hii wanakoanzia.

Ukiajiriwa na shahada ya kwanza unaingia daraja la chini, unapelekwa kitengo cha mipango cha wizara au idara ya fedha na mipango ya kaunti. Kazi ina kalenda, na kalenda imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mapitio ya bajeti iliyopita huwa tayari kufikia Septemba 30. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara, hufika bungeni kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe ya bajeti, Aprili 30. Na Juni 30 yawe yamepitishwa.

Kwa nini nawasomea tarehe? Kwa sababu wananchi hujaa kwenye vikao vya Mei, wakati viwango vya idara vilishapangwa Februari na miradi ilishaorodheshwa Septemba. Ukitaka gati Ndau au kisima Kiunga, neno lako lina uzito mwezi wa Agosti. Mwezi wa Mei unaomba mahali kwenye chombo kilichokwisha jaa. Mchumi wa kaunti anajua hivyo, na mchumi mwema huwaambia watu mapema.

Sasa, anafanya nini hasa mezani pake? Chukueni zahanati. Wananchi wa kijiji fulani wanaomba zahanati, na haki yao. Tuseme jengo ni shilingi milioni 8. Kila mtu anaiona hiyo milioni 8: kutakuwa na jiwe la msingi, kutakuwa na utepe. Mchumi ndiye anayepaswa kuuliza: wauguzi wawili, mlinzi, dawa, maji, na mafuta ya boti ya kumpeleka mja mzito hospitali usiku, ni kiasi gani kwa mwaka? Tuseme milioni 3. Kwa miaka 10 hiyo ni milioni 30. Kwa hiyo zahanati haikuwa ya milioni 8. Ilikuwa ya milioni 38, na ile 30 haina utepe. Majengo yanayofungwa kwa kufuli miaka nenda miaka rudi, mengi hayakukosa pesa za kujengea. Yalikosa mtu wa kuandika ile safu ya pili ya jedwali, au aliiandika akaambiwa aifute.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya serikali ulipo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, ukihesabu kwa muda wa kati, iende kwenye maendeleo. Nia yake ni njema, pesa zisiishie mishahara. Lakini mshahara wa muuguzi haumo kwenye maendeleo, na ukuta umo. Mchumi asiyesimama imara atapanga kuta kila mwaka, na vitabu vyake vitapendeza.

Ndugu zangu, nawaletea mfano mwingine, huu wa hapa hapa kwetu.

Mnakumbuka mradi wa kuchoma makaa ya mawe kuzalisha umeme, uliokuwa ujengwe Kwasasi. Ulipangwa uwe wa megawati 1,050. Juni 26, mwaka 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake ya mazingira, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengi wenu mlipigania jambo hilo kwa ajili ya bahari, hewa na mji wa kale, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Mimi leo nataka mlitazame kwa jicho la mchumi, mjue kwamba hata jedwali lilikuwa na la kusema.

Wakati huo, mahitaji ya umeme ya nchi nzima, saa ambayo Wakenya wote wamewasha taa na viwanda vinanguruma, hayakufika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa 1,050 ni zaidi ya nusu ya hapo. Nani angeutumia umeme huo? Makisio yaliyouhalalisha yalijumuisha miradi mikubwa ya Ruwaza ya 2030 ambayo mingi ilikuwa bado iko kwenye karatasi. Kingine: mikataba ya mitambo ya aina hii huwa na malipo ya utayari. Mtambo ukiwa tayari kuzalisha, unalipwa, umeme utumike usitumike. Na malipo hayo huingia wapi? Huingia kwenye bili ya mshona nguo wa Langoni na ya muuza juisi wa Malindi. Nani analipa? Nani anapata? Na bila mtambo huu, tungekosa umeme, au tungetumia mvuke wa ardhini wa Olkaria na upepo wa Ziwa Turkana? Kukisia mahitaji ya umeme kwa miaka 20 ni kazi ya wachumi. Ukikosea juu, watu wanalipia umeme wasioutumia. Ukikosea chini, taa zinazimika. Kosa la kwanza halionekani, ndiyo maana hufanywa zaidi.

Na mara nyingine mchumi husema kweli na sheria hupita upande mwingine. Mwaka 2016 Bunge liliweka ukomo wa riba: benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Wananchi walifurahi, na nani asingefurahi? Riba zilikuwa zinaumiza. Lakini tazameni mwenye benki alifikiri nini. Kumkopesha mwenye duka asiye na hati ya shamba kuna hatari kubwa kuliko kumkopesha mwajiriwa. Kama bei ni moja kwa wote, utamkopesha nani? Au kwa nini usinunue tu dhamana za serikali, ambazo hazikosi kulipwa? Ndivyo ilivyokuwa. Wakopaji wadogo ndio waliofungiwa mlango, na Novemba 2019 ukomo ukaondolewa.

Ila hapa nawaomba walimu mnisikilize kwa makini. Ukuaji wa mikopo ulikuwa umeanza kushuka kabla ya sheria ile. Anayechora mstari wa mikopo unaoteremka na kusema "tazama, yote ni kazi ya ukomo wa riba" amefanya kosa, hata kama mwelekeo wake ni sahihi. Lazima ulinganishe mikopo iliyoguswa na ile isiyoguswa, benki kubwa na ndogo, kabla na baada. Swali la tatu, bila jambo hili ingekuwaje, ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalomtenganisha mchumi na mtu mwenye maoni.

Nitoke serikalini, niingie kwenye biashara.

Waajiri ni benki, bima, kampuni za simu, za umeme, za ukaguzi wa hesabu, na mashirika yanayofanya tafiti kwa malipo. Kazi zao ni kukisia mwenendo wa bei na wa shilingi, kupanga bei za bidhaa, na kupima kama mradi utalipa. Hiyo ya mwisho ndiyo nitakayokaa nayo, kwa sababu hata msipokuwa wachumi itawafaa.

Tuseme mfanyabiashara wa Kizingitini anataka mtambo wa barafu wa kuhifadhia samaki na kamba. Unagharimu shilingi milioni 6. Baada ya kulipa umeme, maji, vibarua na matengenezo, unatarajiwa kubakiza milioni 1.8 kila mwaka kwa miaka 5. Wengi watazidisha: 1.8 mara 5 ni milioni 9, toa 6, faida milioni 3. Twende tukanunue!

Subirini kidogo. Shilingi ya mwaka 2030 si shilingi ya leo. Kama pesa zako zingeweza kukupatia asilimia 15 mahali pengine, basi milioni moja utakayoipata baada ya mwaka ina thamani ya 869,565 leo, na milioni moja ya baada ya miaka mitano ina thamani ya 497,177 tu. Kila mwaka unagawanya tena kwa 1.15. Ukishusha hivyo zile milioni 1.8 za miaka yote mitano na kuzijumlisha, unapata milioni 6 na 34,000 hivi. Toa milioni 6 za mtambo. Faida si milioni 3. Ni elfu thelathini na nne.

Sasa ongeza jambo moja tu: umeme ukatike kiasi cha kupoteza mwezi mmoja wa kazi kwa mwaka. Ile 1.8 inakuwa 1.65. Piga hesabu tena: jumla inashuka hadi milioni 5.53, na mradi una hasara ya karibu 469,000. Mwezi mmoja, na mradi umepinduka. Mchumi wa kampuni hulipwa kwa ajili ya hesabu hii ya pili. Ya kwanza hata simu inaifanya.

Na hiyo 1.8 yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo mtaalamu wa mbali hukwama na mtoto wa Lamu asikwame. Mtafiti anakuja Februari, kaskazi inavuma, bahari imetulia, vyombo vinatoka kila siku. Anakaa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, wiki mbili, anapima. Tuseme anaona tani 2 kwa siku. Anazidisha kwa siku 25 na kwa miezi 12: tani 600 kwa mwaka. Anaandika ripoti nzuri, anapanda ndege Manda.

Wazee, kuna nini Juni na Julai? Kusi. Mawimbi yamesimama, mashua ndogo zimepandishwa, na wanaotoka wanabaki ndani ya mwamba. Tuseme dikoni panafika kilo 600 kwa siku. Miezi sita ya tani 2 ni tani 300. Miezi sita ya kilo 600 ni tani 90. Jumla tani 390. Yule mtafiti amezidisha kwa tani 210, na mtambo ulionunuliwa kwa ripoti yake utakaa nusu mwaka unaganda bila mteja, huku mkopo unalipwa kila mwezi. Hakudanganya mtu. Alipima vizuri wakati mmoja na kuuita mwaka mzima. Nawaambia wanafunzi: ujuzi mlio nao wa misimu, wa bamvua na maji mafu, wa nani anamkopesha nani kati ya tajiri, yaani mnunuzi wa samaki, na mvuvi, huo ni ujuzi wa kitaalamu. Unachokosa ni namna ya kuuandika kwenye jedwali ili mwenye benki aukubali.

Hatari ya kazi ya kampuni ni ipi? Mteja anayekulipa ana jibu analolitaka. Hakuna atakayekuambia ughushi. Utaambiwa "jaribu asilimia 10 badala ya 15", "ondoa ule mwezi wa umeme, tutanunua jenereta", na kila ombi peke yake lina maana yake, mpaka jibu linageuka. Dawa ipo: andika dhana zako zote kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuanza hesabu, kila moja na chanzo chake, mteja aitie sahihi. Kisha onyesha jibu la hali mbaya na la hali njema, si moja tu. Asipotaka ukurasa huo uonekane, ameshakujibu.

Chuoni sasa. Huko hakuna mteja wala mwanasiasa, angalau si mlangoni. Kuna jambo jingine: muda. Na kuna wenzako wanaotafuta kosa lako, na hilo ni jema.

Kisa kikubwa cha uchumi wa utafiti kilifanyika Busia, nchini mwetu. Michael Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha shule Kakamega akiwa kijana, alifanya utafiti na Edward Miguel kuhusu dawa za minyoo katika shule 75. Hawakuzipa shule zote dawa siku moja. Waligawa makundi matatu ya shule 25, wakaanza na kundi la kwanza mwaka 1998, la pili mwaka uliofuata, la tatu baadaye. Kwa nini hivyo? Kwa sababu ya swali la tatu! Zile shule ambazo zamu yake haijafika zinakuonyesha ingekuwaje bila dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa robo, na hata watoto wasiomeza dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ilipungua uwanjani. Kenya ikaanza kampeni ya kitaifa ya dawa za minyoo mashuleni mwaka 2009. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Na watoto wale waliofuatiliwa kwa miaka 20 walionekana kupata kipato cha saa kilicho juu kwa asilimia 13.

Lakini kisa hakikuishia kwenye sherehe, na sehemu hii naipenda zaidi. Waandishi walitoa data zao wazi. Mwaka 2015 watafiti wengine walichapisha marudio ya hesabu zile, wakakuta makosa, yakiwemo ya namna umbali kati ya shule ulivyohesabiwa. Baadhi ya matokeo yalibaki, mengine yalidhoofika, na mabishano yakawa makali. Je, hiyo ni aibu? Hapana, ndivyo kazi inavyotakiwa iwe. Serikalini hesabu hufungiwa kabatini, kwenye kampuni hufungwa kwa mkataba, chuoni huwekwa barazani kila mtu apige. Anayetaka kuwa mtafiti ajifunze kupigwa.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Shahada ya kwanza miaka 4, ya uzamili 2, ya uzamivu minne au zaidi. Bara letu lina chombo chake, AERC, yaani Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1988, ambacho kwa kushirikiana na vyuo vikuu kimesomesha wachumi wengi wa Afrika shahada za juu bila kulazimika kuhama bara. Ulizeni habari zake mkifika mwaka wa tatu, msingoje kuhitimu.

Ndugu zangu, mtu anapitaje kati ya hizo sehemu tatu?

Arthur Lewis alizaliwa Saint Lucia, kisiwa kidogo cha Karibi, mwaka 1915. Alitaka kuwa mhandisi, ila wakati ule si serikali ya kikoloni wala mashamba ya miwa waliokuwa wanaajiri mhandisi mweusi. Akaenda London kusoma biashara, akaangukia uchumi, na mwaka 1948 akawa profesa Manchester. Mwaka 1954 aliandika makala juu ya namna watu wanavyotoka kwenye kilimo cha kujikimu kwenda kwenye ajira za mshahara, na makala hiyo inasomwa hadi leo. Mwaka 1957 alikwenda Ghana kuwa mshauri wa Kwame Nkrumah. Hawakukubaliana kuhusu miradi ipi iingie kwenye mpango wa maendeleo, na mwaka uliofuata akaondoka. Baadaye akaongoza Chuo Kikuu cha West Indies, na mwaka 1970 akawa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibi. Nobel ikamfuata 1979, wa kwanza mweusi kuipata katika uchumi. Mtoto wa kisiwani, wanangu.

Kwetu, Mwai Kibaki alisoma uchumi Makerere na London, akarudi Makerere kufundisha, akaacha ualimu mwaka 1960 kwenda kufanya kazi ya chama, na kuanzia 1969 akawa waziri wa fedha kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya yote yaliyofuata. Njuguna Ndung'u alitoka kuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa gavana wa Benki Kuu Machi 2007, mwezi ule ule M-Pesa ilipozinduliwa. Uchunguzi wa huduma ile ulikuwa umeanza kabla yake, lakini swali lilikuwa mezani: kampuni ya simu inashika pesa za watu, je, ni benki? Jibu lililofuatwa lilikuwa la kiuchumi. Pesa za wateja zikae benki kwenye akaunti ya amana, kampuni isiziguse wala isizikopeshe, na huduma iachwe iendelee huku ikitazamwa. Nani analipa kama kampuni ikifilisika? Ukishajibu hilo, mlango unaweza kufunguliwa. Baada ya miaka minane aliondoka Benki Kuu, akaongoza AERC, kisha kuanzia 2022 hadi 2024 akawa waziri wa Hazina ya Taifa.

Mpangilio una maana, vijana. Shahada ya uzamivu ichukueni mapema, maana kurudi darasani na miaka 45, watoto wanne na mkopo wa nyumba, wachache wanaweza. Ukitoka chuoni kwenda serikalini, endelea kuandika hata makala moja kwa mwaka, la sivyo chuo hakitakupokea tena. Ukitoka serikalini kwenda kampuni, kuna vitu huchukui: zabuni uliyoiona, kiwango cha kodi ambacho hakijatangazwa, namba za siri za mshindani. Na ukitoka kampuni kwenda serikalini, tangaza hisa zako, ondoka chumbani mambo ya kampuni yako ya zamani yakijadiliwa, na hakikisha kuondoka kwako kumeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Wengi waliochafuka hawakuiba hata senti. Walibaki chumbani.

Sasa nizungumze na walio kidato cha nne.

Hisabati, kwanza na mwisho. Msiikimbie kwa sababu uchumi unaonekana ni somo la maneno. Wastani wa C+ ndio mlango wa chuo kikuu, lakini alama yako ya hisabati ndiyo itakayokuamulia kozi. Ukipata nafasi ya kuunganisha uchumi na takwimu, ichukue. Chuoni jifunze jedwali la kompyuta mpaka vidole vijue vyenyewe, kisha programu moja ya takwimu. Ile iitwayo R ni ya bure. Data za tafiti za kaya za Shirika la Takwimu la Taifa zinapatikana kwa anayeziomba. Na jifunzeni kuandika: waraka wa kurasa mbili, jibu katika aya ya kwanza. Waziri hasomi ukurasa wa tatu.

Lakini kazi ya uchumi haingoji shahada. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Kesi ilikuwa imefunguliwa mwaka 2012. Fidia yoyote ya namna hii inadai swali la tatu: bila bandari, mvuvi angevua kiasi gani? Na hilo hujibiwa na rekodi za kabla. Rekodi zikiwa haba, kila upande unakuja na kisio lake, na mnyonge kisio lake halina karatasi.

Basi nawapa kazi, anayetaka aanze Jumamosi hii. Chagueni diko moja, watu watatu kwa zamu. Daftari la mistari, safu saba: tarehe, saa, aina ya chombo, aina ya samaki, kilo, bei kwa kilo, na kama ni kaskazi, kusi au matlai. Siku mbili za wiki zisizobadilika, saa zile zile, hata kama bahari imechafuka na hakuna aliyetoka. Siku hiyo andikeni sifuri, msiache wazi, kwa sababu nafasi wazi na sifuri si kitu kimoja. Changu aandikwe changu, tafi aandikwe tafi, msiandike "samaki". Bei iwe ile aliyopewa mvuvi na tajiri wake, si ile ya sokoni mjini, na kama mvuvi ana deni kwa tajiri huyo, wekeni alama pembeni, maana bei ya mwenye deni huwa tofauti. Majina ya watu msiandike. Kila mwisho wa mwezi pigeni picha kurasa zote, mmoja azihifadhi kwenye simu na mwingine kwa mwalimu wenu. Mkianza sasa, ukifika mpango wa mwaka wa kaunti mwezi wa Agosti mtakuwa na jedwali la kupeleka, na mwaka ukitimia mtakuwa na misimu yote.